Mashimo Yasiyo na Fundo

Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, Athanase alikaa kwenye kizingiti cha jiko la dada yake na kuuliza swali lake.

"Dada, jana tulifanya nini?"

Agathe hakuacha kutwanga. Sombe, majani ya mihogo, haingoji mtu. Aliinua mchi, akaushusha, na maneno yakatoka katikati ya mapigo, kidogo kidogo.

"Jana tulienda ku shamba. Tulichimba mihogo. Ngurube ya pori ilikuwa imekula mustari muzima, wewe ukaitukana mpaka na mama yake."

"Niliitukana?"

"Sana. Na mangaribi ukaoa bibi mupya, mufupi, iko na ndevu."

Athanase aliuchunguza uso wa dada yake. Kicheko kilikuwa kimejificha pembeni mwa mdomo, na alipokiona, njo akacheka na yeye. Kisha alinawa, na huku anajipangusa aliyarudia maneno kwa sauti ya chini: shamba, mihogo, ngurube. La bibi mwenye ndevu aliliacha.

Wanawake waliopita wakienda mtoni walisikia swali lile na kutikisa vichwa. Mwanaume mzima, anaulizia jana yake kama mtu anayeomba chumvi! Agathe hakuona aibu. Zamani mdogo wake hakuwa na haja ya kumuuliza mtu. Alikuwa na wasemaji wa kutosha ndani ya kichwa chake, mchana na usiku, na hakuna hata mmoja kati yao aliyemtakia mema. Sasa, akitaka kujua kitu, alimgeukia mtu mwenye mwili na mchi mkononi. Kwa Agathe hiyo ilikuwa neema, na aliilipa kila asubuhi kwa kumjibu.

Walizaliwa katika kijiji cha Walikale ambako pori linaanza pale kivuli cha nyumba ya mwisho kinapoishia. Baba yao alikuwa mtu wa mashimo, na Athanase alimfuata. Shimo lachimbwa kwenye njia ya nyama, refu kupita mtu, chini vinasimamishwa vigingi vilivyochongwa, juu vinalazwa vijiti na majani mpaka ardhi inaonekana kama ardhi. Kazi hiyo ina sheria moja inayopita zote. Kando ya njia unapinda kijiti, unakifunga jani la mangongo, lile pana la kufungia chakula, na kila ukoo una fundo lake. Mnyama hasomi fundo. Mtu analisoma na kupita pembeni. Mwenye kuchimba bila kufunga, wazee wanamhesabu pamoja na chui.

Athanase alifunga vizuri mpaka ugonjwa ulipomkuta. Alikuwa ameoa hivi karibuni, binti wa kijiji cha Kingi kule juu kwenye vilima vya Masisi, jina lake Jeannette. Athanase alianza kwa kujibu watu ambao hawakuwepo. Kisha akakataa chakula cha mke wake, kwa sababu waliomo kichwani walimwambia kina kitu. Jeannette alivumilia. Siku Athanase alipomwaga sufuria nzima mlangoni na kusimama juu yake na panga mpaka jua likazama, Jeannette alichukua kitenge chake na kurudi kwa baba yake kwa miguu.

Watu walifanya walichokijua. Wazee wa ukoo walimpaka udongo mweupe na kumchinjia kuku. Katekista aliomba mpaka sauti ikamkauka. Mwisho Papa Raphaël, mkubwa wa kijiji, alileta gogo lenye tundu. Wakapitisha mguu wa Athanase kwenye tundu na kugongea kabari. Hawakuwa watu wabaya. Waliogopa. Lakini Agathe njo aliyemlisha pale, akamfukuzia nzi kwenye kifundo cha mguu, na aliapa kimoyomoyo kwamba siku moja gogo lile litatoka.

Lilitoka siku lori ya watu wa madini ilipokubali kuwapeleka mpaka hospitali ya mji, kwenye ziwa. Agathe alikwenda na sufuria na mkeka. Kule walimpa Athanase sindano, kisha vidonge vipya vilivyokuwa vimefika kutoka Ulaya. Alinenepa. Alilala sana. Sauti hazikuondoka.

"Dawa inawalalisha na wao," alimwambia dada yake. "Nikiamuka, wanaamuka pamoja na mimi."

Munganga mzungu alipoona dawa zimeshindwa, alimtuma Védaste, muuguzi mrefu mwenye sauti ya taratibu, aje kumweleza Agathe kule nje, penye majiko.

"Mama Agathe, iko mashini ya umeme. Tunaweka hapa na hapa, pembeni ya kichwa. Mwili inatetemeka kama ya muntu wa kifafa, kisha analala. Tunarudilia, tunarudilia. Bantu wa kusikia sauti, kama dawa imewashinda, wamoja umeme unawasaidiaka."

"Na inachukua nini?"

Védaste alimtazama vizuri. Agathe alikuwa binti wa mtega mashimo, na alijua hakuna kinachokamatwa bure.

"Kumbukumbu," Védaste alisema. "Mambo ya wakati wa ugonjwa, na siku za hapa. Pengine na za mbele kidogo ya ugonjwa kuanza. Ingine inarudiaka pole pole. Ingine hairudi. Na mambo mapya, mwanzoni, hayashikamani vizuri mu kichwa."

Agathe alikoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa.

"Asahau," alisema mwishowe. "Hata mimi anisahau. Lakini gogo isirudi ku muguu yake."

Mara za kwanza zilikuwa mbaya. Athanase aliamka na kichwa kinachopasuka, ulimi umeumwa, akamwita sista "mama" na kumuuliza dada yake yeye ni wa nani. Agathe alijibu kila mara kama vile swali lilikuwa jipya. Kisha asubuhi moja alimkuta amekaa kitandani, uso umeinuliwa, mkono umesimama hewani.

"Dada, unasikia?"

Moyo ulimwanguka. "Nasikia nini?"

"Mvua."

Ilikuwa mvua tu juu ya mabati. Athanase aliisikiliza mpaka ikaisha, kama mtu aliyekaribishwa kwenye karamu. Kwa miaka hakuwa amesikia mvua iliyo peke yake, isiyo na mtu anayeongea ndani yake. Agathe alikaa chini kando ya kitanda akaisikiliza na yeye, na mpaka leo mvua ikipiga bati anasema "Aksanti" bila kujua anamwambia nani: Mungu, ao Védaste, ao ile mashini yenyewe.

Walirudi nyumbani mwisho wa kiangazi. Harusi yake Athanase hakuikumbuka. Mtoto wa mwisho wa Agathe hakumtambua. Lakini ukimpa kamba ya pori, mikono yake ilisokota kitanzi safi huku yeye mwenyewe anaitazama kwa mshangao.

"Nani alinifundisha hii?"

"Papa."

"Papa yetu?"

"Nani mwingine! Unafikiri ni gavana?"

Siku nyingine aligusa kovu kwenye kifundo cha mguu. "Na hii?"

"Muti ilikubana."

"Muti gani?"

"Muti tu," Agathe alisema, akageuza maneno. Gogo lilikuwa limeegemea nyuma ya nyumba ya Papa Raphaël, na Athanase alilipita kila siku kama mtu anavyopita gogo.

Hapo njo mambo ya mbwa yalipofika.

Édouard, mtoto wa baba yao mdogo, alikuwa na mbwa wa kuwinda mwenye kengele ya mti shingoni. Siku moja kwenye njia ya uyoga kengele ilinyamaza ghafla. Édouard alimkuta chini ya shimo, kwenye vigingi, amekwisha kufa. Alitafuta fundo mbele na nyuma. Hakuna. Vigingi vilichongwa pande tatu, na katika kijiji kizima ni Athanase na marehemu baba yake tu waliochonga pande tatu.

Watu walikusanyika kwa Papa Raphaël.

"Ni shimo yangu?" Athanase aliuliza.

"Sasa ya nani? Ya katekista?" Édouard alisema, na waliocheka hawakucheka kwa furaha. "Leo ni imbwa. Kesho ni mutoto wa nani?"

Agathe alikumbuka, akasema mbele ya wote, maana kuficha kungeua mtu. Wakati wa ugonjwa Athanase alipiga kelele kwamba watu wanasoma mafundo yake na kupitia humo kuingia kichwani. Alikuwa ameenda akayang'oa yote. Mashimo yalibaki.

Wanawake walishika vinywa. Uyoga ulikuwa unaota, mashamba ya pili yalikuwa ng'ambo ya pori lile lile.

"Kumbuka, mwanangu," Papa Raphaël alisema kwa upole. "Iko ngapi? Fasi gani?"

Athanase alifumba macho. Jasho lilimtoka kwenye nywele. Kila mtu alikuwa kimya akimsaidia kukumbuka, na kadiri walivyonyamaza njo alivyozidi kupotea.

"Sioni kintu, Papa. Ni kama kutafuta moshi ya jana."

Édouard alisimama. "Mimi nasema hivi. Ni umeme ilichukua, umeme irudishe. Tumupeleke tena, wazungushe mashini upande ingine. Hata lori inarudiaka nyuma!"

Wengi waliitika. Ilionekana ni akili: lori walikuwa wameiona kwa macho yao, inakwenda mbele, dereva anavuta kitu, inarudi.

"Ile mashini haina nyuma!" Agathe alisema. "Itachukua tena, haitarudisha. Védaste aliniambia."

"Védaste hana imbwa," Édouard alijibu.

Papa Raphaël alikata maneno. Mpaka siku ya soko Athanase aonyeshe mashimo. Akishindwa, mguu uingie kwenye gogo, asije akachimba mengine, na lori ya madini ikipita tena impeleke hospitali. Alisema bila hasira, na njo sababu Agathe alijua atafanya.

Njiani kurudi Athanase aliyarudia maneno ya baraza kwa sauti ya chini. Neno "gogo" halikumwambia kitu. Neno la Édouard kuhusu mtoto ndilo lililomwingia.

"Wakisema niende, nitaenda," alisema. "Sipendi muntu akufe mu shimo yangu."

"Na mvua?" Agathe alimuuliza. "Unajua utarudi na kusikia mvua?"

Athanase aliinua uso akatazama mawingu.

Kesho yake walitoka alfajiri, yeye mbele na fimbo ndefu, Agathe nyuma na kitunga mgongoni, mkanda wake umekaza kwenye paji la uso. Athanase alichoma ardhi kila hatua. Alisimama kwenye kila kichuguu, akakunja uso, akauliza kichwa chake.

"Hapa?"

"Mimi najua wapi? Ni wewe."

"Sijui, dada."

Jua lilipanda, hawakupata hata shimo moja. Athanase alikaa kwenye mzizi, fimbo magotini, uso wa mtu aliyeitwa mbele ya darasa. Agathe alimwonea huruma, na katika huruma hiyo akaona kitu kinapungua katika siku ile. Walikuwa wametoka nyumbani bila swali.

"Inuka twende," alisema. "Haukuniuliza leo."

"Kuuliza nini?"

"Ya jana."

"Eh! Dada, jana tulifanya nini?"

Basi wakatembea, na Agathe akaanza kumweleza. Alimweleza baraza zima kwa Papa Raphaël. Alimwigiza Édouard akiendesha mashini kinyumenyume, mashavu yamejaa hewa, mkono unavuta kitu hewani, na wagonjwa wote wa mjini wanarudi kuwa watoto wachanga mpaka masista wanakosa nepi. Athanase alicheka mpaka akasahau fimbo begani. Walifika penye mti mkubwa wenye mizizi iliyosimama kama kuta. Njia ilipita kulia kwake, pana, safi. Athanase, bado anacheka, alipita kushoto.

Agathe hakuona, ulimi wake ulikuwa na kazi. Alikwenda moja kwa moja. Mguu wake ulikuwa hewani Athanase alipokirukia kitunga chake kutoka upande ule wa pili na kukivuta, wakaanguka wote wawili chali kwenye matope.

"Uko na wazimu?" Agathe alipiga kelele, kisha akajutia neno.

"Sijui," Athanase alisema. Alikuwa anahema. "Sijui, dada. Usipite pale."

Alinyoosha fimbo na kuchoma ile njia nzuri. Majani yaliingia ndani, vijiti vikavunjika, na chini kabisa, kwenye giza, wakaona vigingi vya pande tatu.

Agathe alishika miguu ya mdogo wake kwa mikono miwili, miguu yenye matope na kovu lake, kana kwamba ni mara ya kwanza kuiona.

"Mikono yako inajua kitanzi," alisema polepole. "Miguu nayo iko na yake. Ni kichwa tu njo kinahangaika. Tukiache."

"Tutafanya nini sasa?"

"Tutaongea."

Hivyo njo walivyofanya. Agathe alimweleza Papa Raphaël, na mzee, ambaye hakuwa mtu wa kung'ang'ania neno lake likishapitwa, aliita wanaume na majembe. Lakini mtu wa kumshughulisha Athanase alitakiwa, na Agathe alimchagua Édouard.

"Wewe uko na kinywa kikubwa. Tembea na yeye. Muchekeshe."

"Mimi? Shimo yake imekula imbwa yangu, nimuchekeshe?"

"Eleza vile mama-mukwe wako alikufukuzaka na mwiko."

Kijiji kizima kiliijua habari hiyo, Athanase peke yake alikuwa ameisahau, na msikilizaji wa namna hiyo Édouard hakuwa amempata kwa miaka. Aliieleza kwa mikono na miguu. Alipofika pale mwiko unapovunjika, Athanase akakunja njia ghafla, kushoto kwa kichaka, na wanaume wa nyuma wakasimama na kuchoma. Shimo. Wakalifukia. Kesho yake, habari nyingine, shimo jingine. Walizunguka njia zote za baba yao, wakarudia tena, mpaka miguu ile ikawa inakwenda sawa kila mahali isipokuwa penye udongo mpya. Hata hivyo Agathe aliwaambia wanawake wabebe fimbo msimu mzima. Hakutaka kudai zaidi ya alichojua.

Siku ya soko ilifika, na hakuna aliyelitaja gogo. Ila jioni Papa Raphaël alikuja nalo begani, akipumua, akalitua mbele ya jiko la Agathe.

"Kuni," alisema, akaenda zake.

Agathe alilipasua mwenyewe. Alipika maharagi, akamwita na Édouard. Athanase alinyoosha mikono penye moto.

"Muti hii inawaka vizuri," alisema. "Ni muti gani?"

Édouard aliinama kwenye sahani yake. Agathe alikoroga.

"Muti tu," alisema. Na moyoni alishukuru kwa kile kilichobaki kule mjini, ndani ya ile mashini. Kikae huko huko.

Asubuhi Athanase alikaa kwenye kizingiti. Agathe aliinua mchi na kungoja.

"Jana tulikula maharagi," Athanase alisema. "Édouard alikula kupita wote. Na muti iliwaka vizuri."

Mchi ulibaki juu. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu umeme, ya yeye kuileta jana yake mwenyewe.

"Nimedanganya?" aliuliza, akiutazama mchi.

"Apana. Ni vile vile."

"Basi nataka kwenda Kingi."

Jeannette alikuwa ametuma neno zamani, kwa mdomo wa mchuuzi wa maharagi, na Agathe alikuwa amemweleza Athanase mara nyingi: akipona, akuje kwa miguu yake mwenyewe, asiletwe. Sasa alikuwa amelishika. Agathe alitaka kusema ngoja kidogo, vilima ni mbali, ukisahau njia je? Akaitazama ile miguu. Akamfungia mihogo kwenye jani la mangongo.

Édouard alikuja kuaga, na kinywa chake.

"Unaenda kuposa bibi yako mara ya pili? Watakuomba mbuzi tena!"

"Ile harusi ya kwanza sikuiona," Athanase alisema. "Hii nitaangalia vizuri."

Édouard alicheka, kisha akatoa mfukoni ile kengele ya mti ya mbwa wake na kumfunga kiunoni. "Shika. Ukipotea, tukusikie."

Mwaka uliofuata mchuuzi alileta salamu. Baba yake Jeannette alikuwa amemwuliza Athanase maswali mengi, na pale aliposahau alisema nimesahau, wakampenda kwa hilo. Alilima mlima ulio wazi, bila pori. Sauti moja ilimrudia wakati mwingine, ndogo, kama mbu nje ya ukuta, na alijua kuiacha nje. Asubuhi alimuuliza Jeannette habari za jana, si kila siku. Agathe aliposikia hayo aliweka mchi chini na kulia vizuri, kilio cha mtu aliyeshiba.

Lakini siku ile ya kuondoka hakuyajua. Alimsindikiza mpaka ndani ya pori, penye ule mti mkubwa, na pale akasimama, kama desturi inavyotaka.

"Dada," Athanase alisema, "mambo mingi ulinifanyia sizikumbuki. Natoa aksanti kwa yote, na ile nimesahau pia."

"Enda," Agathe alisema. "Usichelewe, mvua inakuja."

Udongo wa shimo ulikuwa umefukiwa na kukanyagwa, na nyasi za kwanza zilikuwa zinachomoza. Njia ilipita juu yake, pana, safi. Athanase alikwenda bila kuangalia chini, na alipofika pale akapita kushoto kwa mti. Agathe alisikia kengele inalia kati ya miti, kisha mbali, kisha majani tu. Athanase hakurudi tena kijijini.